Zamu ya Nekoye

Katika shamba la mzungu mmoja karibu na Rongai, mwaka wa hamsini na sita, wake za vibarua walilimiana kwa zamu. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye zamu huwapikia wenzake maharagwe na uji wa wimbi. Nekoye hakukosa hata siku moja. Alifika umande haujakauka, akaondoka wa mwisho.

Kisha mumewe, Makokha, akafanywa nyapara.

"Mke wa nyapara halimi mashamba ya watu," akamwambia. "Ukienda tena, ulale huko huko."

Nekoye akabaki nyumbani. Msimu huo Makokha alimshtaki jirani yao Wasike kwamba ameficha ngano ndani ya koti. Wasike akacharazwa viboko mbele ya watoto wake, na mgongo wake haukunyooka tena. Mkewe, Nabalayo, ndiye aliyemkokota hadi nyumbani.

Mvua zilipokuja, mahindi ya Nekoye yalimezwa na magugu. Alikuwa na mimba kubwa, na Makokha alishinda kwa mzungu. Basi akapita nyumba kwa nyumba akiomba mikono. Wote walimwitikia vizuri: "Tutakuja, mama."

Asubuhi akaketi kando ya sufuria za chakula. Akawaona wakipita, majembe begani, wakielekea shamba la pili. Wakamsalimu.

Akamfuata Nabalayo.

"Dada, si mimi niliyempiga mumeo."

"Najua."

"Na kwako nimelima miaka yote hii."

"Hilo pia najua. Ukala, ukashiba. Rudi nyumbani, mke wa nyapara, utajichafua miguu."

Akapalilia peke yake, kila siku, mpaka uchungu ulipomshika katikati ya mahindi. Alipiga ukelele. Shamba la jirani waliusikia. Majembe yakatulia kidogo, kisha yakaendelea. Mtoto alizaliwa juu ya magugu, wa kiume. Hakulia.

Msibani walikuja wote, maana msiba haususwi. Walileta kuni, maji na unga. Nabalayo ndiye aliyeuosha ule mwili mdogo, kwa upole, kama anayeosha mwanawe mwenyewe. Baada ya maziko wakaingia shambani na majembe, na kabla jua halijafika utosini palizi yote ikawa imekwisha. Nekoye akawachotea uji, akawashukuru mmoja mmoja, kama desturi inavyotaka.

"Asante, dada," akamwambia Nabalayo.

Nabalayo akapokea kibuyu kwa mikono miwili. "Jumatatu ni kwangu," akasema.

Jumatatu Nekoye akachukua jembe. Makokha alimwona, akampisha mlangoni. Kwa Nabalayo alifika wa kwanza. Maziwa yalimvuja yakailowesha blauzi mpaka kiunoni, naye akalima mstari wake hadi mwisho, akageuka, akaanza mwingine. Wenzake waliona. Hakuna aliyemwambia apumzike.