Sukari Iliyokataa Kushuka Nkubu

Mume wangu alistaafu ualimu wa jiografia, akaleta reli nyumbani. Reli ambayo haijawahi kufika Meru wala Embu, sasa ilizunguka meza yangu ya kulia chakula. Ni treni ya kuchezea, lakini ole wako uiite hivyo mbele yake. "Hii ni modeli," atakwambia, huku amevimba.

Ugomvi wetu ulikuwa wa kulabu. Mabehewa yale hushikana kwa vikulabu vidogo, na ukitaka kuacha moja stesheni, njia rahisi ni kuchukua kijiti cha mshikaki, kukichomeka katikati na kukizungusha kidogo. Basi, yameachana. Nilifanya hivyo mara moja tu, mume wangu akanitazama kana kwamba nimetema mate kanisani.

"Umeona wapi mkono mkubwa kama nyumba ukishuka kutoka mbinguni kufungua treni?"

Akaficha sumaku chini ya reli. Sasa treni ilipaswa kusimama juu yake barabara, irudi nyuma kidogo, kulabu zijifungue zenyewe, mambo yawe kama kweli. Kama kweli! Stesheni yenyewe aliiandika Nkubu, mahali ambapo treni haijafika tangu dunia iumbwe, na kando yake akasimamisha ng'ombe aliyelizidi kanisa la kadibodi kwa urefu.

Binti yetu wa pekee akapata mchumba kutoka Kanja, kule Embu. Wazee wa huko walipokuja kuzungumza, mume wangu aliamua kwamba sukari ya chai itawafikia kwa reli. Nilimsihi sana. Kwetu mazungumzo hayaanzi kabla wageni hawajanywa chai, na mgeni akiondoka bila kuonja kitu, hahitaji kuambiwa zaidi. Binti yangu alikuwa amejibanza nyuma ya mlango wa jikoni, hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Treni ikaja na bakuli la sukari. Ikasimama Nkubu, ikarudi nyuma, ikaondoka na sukari yake. Ikazunguka tena, vilevile. Wazee waliifuata kwa macho, vikombe mkononi, chai ikifanya utando juu. Mume wangu alikuwa ameinama chini ya meza, makalio yake yakiwaelekea wakwe.

"Mwalimu," baba wa mchumba akasema, "hii sukari yenu ni ya kuangalia tu?"

"Ngoja kidogo, mzee. Ni sumaku iko na shida."

"Sisi tumetoka mbali. Kama hamtaki kutupatia, si mseme tu?"

Hakuwa anacheka, na hakuna aliyedhani anazungumzia sukari. Mwenzake mmoja akaweka kikombe chini na kuchukua kofia yake.

Hapo binti yangu akatoka jikoni na kijiti cha mshikaki. Akapita mbele ya wazee wote, akakichomeka, akakizungusha. Behewa likabaki. Akalibeba zima zima na kumpelekea mkwe wake kwa mikono miwili.

"Huo mkono umetoka wapi?" mume wangu akafoka.

"Ni wa bibi harusi," nikamwambia. "Kaa, unywe chai."

Wazee wakacheka, kofia ikarudi mezani, mazungumzo yakaanza. Mume wangu alinuna mpaka jioni, akijibu mambo ya mbuzi wa mahari kwa neno moja moja.

Siku ya binti kuondoka ikafika. Gari la Kanja likinguruma langoni, mume wangu alimkumbatia binti yake, kisha hakumwachia. Dereva akapiga honi. Wageni wakaanza kutazama viatu vyao. Huyu bwana aliyetaka kila kitu kiachane chenyewe, taratibu, bila kuguswa na mtu, alikuwa ameng'ang'ania gauni kwa vidole vyote kumi. Nilimkasirikia, nikamhurumia, na machozi yangu yakanitangulia. Nikamwendea, nikamfungua vidole kwa mkono wangu, kimoja kimoja.

Safari hii hakuuliza mkono umetoka wapi.