Viazi vya Mbegu Havipikwi

Saratani yangu ina nafuu moja: hunipa tarehe. Kila baada ya wiki tatu naenda Meru mjini, natundikiwa dripu, narudi Kibirichia jioni. Watu wa nyumbani kwangu hawana tarehe. Dawa ikiwa bado inaingia mshipani, mume wangu ananipigia simu kuuliza sukari iko wapi. Iko pale ilipokuwa tangu unioe, baba. Nikifika nyumbani nakuta binti yangu ameacha mfereji wazi, tangi ni tupu, na ndama anatafuna shuka niliyoianika asubuhi. Afadhali yule daktari, hata akitaka kunichoma huniambia kwanza.

Hayo nimeyazoea. Kitu nilichokilinda msimu ule kilikuwa viazi vyangu vya mbegu. Nilivichagua mwenyewe baada ya mavuno, kabla sijatiwa dawa ya kwanza, kimoja kimoja, vya ukubwa wa yai la kuku, nikavitandaza stoo juu ya nyasi kavu vichipue. Mkulima wa huku akikosa mbegu yake atapanda ya kuokoteza, yenye ugonjwa wa mnyauko, na msimu umemwendea kombo. Lakini mimi sikuwaza mnyauko. Kila nilipomaliza kutapika nilisukutua mdomo, nikaenda stoo kuangalia macho ya viazi yametoka kiasi gani. Nilikuwa nimejiapia kwamba mvua ikinyesha nitavipanda, na vikikomaa nitavichimba mwenyewe. Sikumwambia mtu, maana wangenionea huruma, na huruma nilikuwa nimeishiba.

Kwetu mgonjwa hatembelewi na mtu mmoja mmoja. Kina mama wa kanisa hujipanga wakaja kwa pamoja, viondo vimejaa ndizi, unga, maziwa na majani chai, na wengine wamebeba kuni mgongoni. Ni upendo, sikatai. Ila upendo huo unataka chai, unataka na chakula, wala hauulizi juzi ulikuwa wapi. Walikuja siku ya pili baada ya dripu, siku ambayo harufu ya kitunguu pekee hunitoa nje mbio. Dada ya mume wangu akaniambia, "Wewe kaa tu, wifi. Leo jikoni niachie mimi." Nikakaa. Wakaniketisha katikati yao, kofia ya sufu juu ya kichwa kisicho na unywele hata mmoja.

Maombi yakaanza. Mama mmoja mwenye sauti kubwa akamwomba Mungu awatunze watoto wangu watakapobaki. Nikafumbua macho. Watakapobaki? Nani anakwenda wapi? Wenzake wakaitikia amina, tena kwa moyo. Nilitamani kumwambia ayarudishe maneno yake kinywani, lakini maombi hayakatizwi, kwa hivyo nikainuka nikasema naenda kupunga hewa.

Jiko letu liko nje. Nilipopita mlangoni nikaona karai la maganda, na kila ganda lina chipukizi lake jeupe. Sufuria kubwa ilikuwa motoni.

"Wifi, hivi viazi umevitoa wapi?"

"Stoo. Vile vilivyotandazwa."

"Wewe umezaliwa ndani ya viazi. Hukuona ni mbegu?"

Alikoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. "Niliona," akasema. "Nikafikiri msimu huu hutapanda. Kuliko vioze..."

Hapo nikaelewa kwamba wamenizika kitambo, na chakula cha matanga kinachemka kwenye sufuria yangu. Nilikasirika sana. Na nitasema ukweli, hasira ile ilikuwa tamu. Kwa wiki nyingi sikuwa nimesikia kitu mwilini ila kichefuchefu. Wifi alikuwa anajifuta macho kwa leso. Alisema ni moshi. Haukuwa moshi, na nilijua ananipenda, lakini siku ile sikutaka kupendwa namna hiyo.

Nilienda stoo. Nusu ya viazi ilikuwa imebaki. Nikarudi sebuleni nikasimama mlangoni.

"Kina mama, asanteni kwa maombi. Chakula kinakuja, na ni mbegu zangu, kwa hivyo kuleni mshibe. Mkija tena sitaki ndizi wala unga. Kila mmoja aniletee kwenye kiondo chake mbegu ya kulipia sahani yake."

Mama wa sauti kubwa akaniangalia kwa upole. "Lakini mama, mgonjwa halimi."

"Mgonjwa yuko Meru mjini, kwenye kile kiti cha dripu. Hapa mimi ni mkulima."

Mmoja alicheka, kisha wote wakacheka, na yeye pia. Kabla wiki haijaisha, mbegu zilikuwa zimefika.

Mvua nayo ilichagua kuja siku chache tu baada ya dripu iliyofuata. Nesi alikuwa amenionya nisiguse udongo kwa mikono mitupu, damu yangu haina kinga, basi nikavaa glavu. Wifi alichimba mitaro, mume wangu akatia mbolea. Hiyo alijua ilipo. Mimi nilikuwa nikisogea na kigoda changu mtaro kwa mtaro, nikipanga mbegu, machipukizi yakiangalia juu. Mara mbili nilitapika pembeni, nikajipangusa nikaendelea.

Kwenye mtaro wa mwisho wifi aliegemea jembe. Hakusema habari za moshi wala za kuoza. Aliuliza lile ambalo wote walikuwa wakilizunguka.

"Na ukituacha kabla ya mavuno?"

Nilimtazama. Alikuwa na haki ya kuuliza, na mimi nilikuwa na haki ya kutoogopa.

"Basi utavuna wewe," nikamwambia. "Vikubwa mle, muuze, mfanye mpendavyo. Vile vya ukubwa wa yai usivitie kisu, uvipande tena. Sasa nisogezee kigoda, hapa bado hatujamaliza."