Bustani ya Mbalamwezi ya Wifi

Mama Miche hakuwahi kumwamini mteja asiyeomba apunguziwe. Kwa hiyo wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke bahili wa kukamua maziwa kwenye jiwe, alipofika kitaluni na kuchukua miche yote ya majani ya fedha kwa bei ya kwanza, alimsindikiza kwa macho mpaka kona.

Kabla hajaondoka alikuwa amemuuliza, "Yote hii ya nini, wifi?"

"Bustani ya mbalamwezi. Wageni wa gesti yangu wakae uani jioni, taa nizime, majani yenyewe yawake." Kisha, kama mtu asiyejali jibu: "Unaimwagiliaje?"

"Kama mimea mingine," alijibu Mama Miche, naye kama asiyejali.

Mji mzima ni yeye peke yake aliyekuwa na mmea ule. Alianza na kijiti kilichotupwa na mkata ua, akakilea kikawa mti mama, na mauzo ya miche yake ndiyo yaliyoezeka nyumba. Tayari ghorofa la jirani lilikuwa linakinyima kitalu chake jua. Akitokea na muuzaji wa pili, kwisha kazi.

Mwezi ulipojaa alikwenda kuona, giza likiwa ndio kwanza linaingia. Haki yake apewe: uani palipendeza. Majani yalikuwa meupe kama yamenyunyiziwa unga, na kijia kilionekana hadi mlangoni bila taa. Wageni walisifu. Mama Miche aliinama. Kila mche ulikuwa umekatwa ncha.

"Wifi, unafuga mbuzi?"

"Mbuzi gani tena?"

"Huyu mwenye wembe."

Wifi akacheka kicheko cha mtu asiyejua aweke wapi mikono. Mama Miche alishazunguka nyuma ya jiko. Huko, chini ya gunia lililoloa, yalipangwa makopo, kila kopo na kipandikizi chake: kijani kama mchicha, shina limeoza.

Mmea ule huvaa fedha kwa sababu ya jua na kiu. Ukiuweka kivulini na kuunywesha kila siku, unavua.

"Ulinificha!" wifi akang'aka.

"Na wewe ulinificha. Ngoma droo."

Wakatazamana. Kisha Mama Miche akatazama juu, kwenye paa la saruji la nyumba ya wageni: tambarare, linalopigwa na jua kutwa.

"Paa lako, mikono yangu. Nusu kwa nusu."

"Na ufundi utanifundisha?"

"Taratibu, wifi. Haraka haraka haina baraka."

Wakapeana mikono. Vipandikizi vipya vikapanda juu ya paa, vikang'aa. Mti mama haukwenda. Uko dirishani kwa Mama Miche, ndani ya nondo, na kila anapokuja wifi kusalimia, mwenyeji wake humwangalia vidole kwanza, kama vina vumbi jeupe linaloachwa na majani yale yakishikwa.

Juzi alikuja na mikono inayonukia sabuni. Mama Miche alimkaribisha kiti, akaenda kukagua dirisha.