Mardi Si Jina

Enzi zetu, ukisusia chakula ulikuwa umejikomoa mwenyewe. Nyumbani kwetu Kitale githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ilipakuliwa kwenye sinia moja, na ukinuna kwa kuwa umetolewa mapema kwenye mchezo wa mpira wa kati au umenyimwa zamu ya kuruka bladda, ile kamba ya mpira, mama hakubembeleza mtu. Alisema tu, "Susa, wenzio tule," na vijiko vikaendelea. Ulisimama nyuma ya jiko moshi ukikuchoma macho, masikio yote yako kwenye sinia, hadi njaa ikushinde urudi polepole kama mtu aliyekuwa akipita tu njia. Ukakuta upande wako wa sinia haujaguswa. Mama alikuwa ameulinda.

Watoto wa siku hizi wakinuna huletewa biskuti wachague. Najua, maana hapa Dubai mmoja wao ndiye kazi yangu. Nilipofika Jumeirah Village Circle kumlea, nilimsikia madam, Mwingereza wa Nottingham, akimwita "Mardi". Nikadhani ni jina la nyumbani, kama kwetu tunavyomwita mtoto Kababa. Nami nikalichukua kwa upendo wote: Mardi njoo uoge, Mardi maliza maziwa. Mpaka siku moja sir akaangua kicheko mbele ya wageni.

"Si jina, Grace," madam akanieleza. "Kwetu ni mtoto wa kununanuna. Neno lenyewe limetokana na kuharibika, yaani amedekezwa hadi akaharibika."

Nilicheka nao, ila neno lilinikaa rohoni. Binti yangu Neema, niliyemwacha nyumbani, alikuwa amekataa kuja kwenye simu tangu nilipoahirisha likizo ya kwenda kumwona. Kanuna tu, nilijiambia, itapita. Kila mtoto wa madam alipolala mchana nilipiga, nikizunguka jikoni, nikifuta meza niliyokwisha kuifuta, nikipanga maneno ya kumbembeleza.

Ijumaa iliyopita nikamwuliza dada yangu, anayekaa naye, "Bado amenuna?"

"Nani, Neema? Ai, hajanuna. Yuko nje anacheza na wenzake. Nimemwambia ni wewe, akasema nikusalimie."

Nilikaa chini pale pale jikoni. Heri angenuna. Enzi zetu mtoto alinuna kwa kuwa wa kumnunia yupo, yuko karibu, anamwona. Neema wangu hana tena wa kumnunia.