Shimo la Udongo la Mama Kabula

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo ikinijia naacha hata chakula. Baba yangu alikuwa amerudi likizo kutoka Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Amekaa uani na kaka yake wanakunywa togwa. Mama akatoka ndani, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko, akapiga goti mbele yake. "Baba Kabula," akasema, "lile shimo langu lina ufa. Njoo uliangalie."

Kabula ndiye mimi. Ilikuwa miaka michache baada ya ile vita kubwa ya Wazungu, nami nilikuwa msichana wa kutosha kusonga ugali wa watu wazima. Nilishangaa, maana mama yangu hakuwa mtu wa kuomba.

Ngoja nikueleze alikuwa nani. Wewe umekuja hapa kunilalamikia mkeo, eti anashinda kwenye cherehani kuliko jikoni, nami nimekusikiliza vya kutosha. Sasa ni zamu yako kunisikiliza.

Mama alikuwa mfinyanzi. Wafinyanzi walikuwepo wengi pale Didia, lakini wao walifinyanga kama mama zao walivyofinyanga, basi. Mama yangu, wee! Akiokota kigunzi cha mahindi anakibingirisha kwenye udongo mbichi aone kitaacha alama gani. Alisuka kamba za katani ili tu azikandamize shingoni mwa mtungi. Siku nyingine alikaa na chungu mapajani, mboga inaungua, sisi tunapiga kelele, yeye hasikii. Pambo moja hakulirudia. Hata wanawake wa mbali kule Kolandoto wakiuona mtungi kisimani walijua, huu ni wa Mama Kabula, na walibishana nani anao mzuri zaidi.

Vyungu vyake alivibeba kichwani mwenyewe, akaviuza mwenyewe, na alichopata akanunulia mtamba. Baba mkubwa, huyo kaka yake baba, akaja kumwambia kwamba mwanamke hana ng'ombe, mtamba aingie zizi la ukoo. Mama akamjibu kwa upole kabisa, "Shemeji, ng'ombe huyu nimemfinyanga mwenyewe." Baba mkubwa hakumsamehe maneno hayo. Lakini sisi watoto tulikunywa maziwa ya ng'ombe yule miaka yote baba alipokuwa mbali. Na usifikiri mama alikuwa mkali. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na kicheko chake kilifika kwa jirani.

Haya, turudi kwenye shimo. Udongo mzuri wa kufinyangia hauko juu. Wanawake walikuwa wakiufuata chini, kila mwaka ndani zaidi, mpaka shimo likawa kama pango. Na kwetu palikuwa na mwiko: mwanamume hakanyagi shimo la udongo. Akikanyaga, vyungu vitapasuka motoni. Kwa hiyo wanawake walijichimbia wenyewe kwa majembe yao, wakiingia kwa kutambaa. Na nani alijua mashimo kuliko baba yangu? Kazi yake kule Geita ilikuwa kusimamisha magogo ya kuzuia mwamba usiwaangukie wenzake. Aligonga ukuta kwa ngumi, akasikiliza, akajua kama utakaa au utaanguka. Kila likizo alitusimulia, na akiondoka tulimwombea kwa Mungu kila jioni. Tulimwogopea yeye, mwanangu. Yeye tu.

"Njoo uliangalie," mama akarudia. "Hao wanaosema vyungu vitapasuka, vipasuke. Nitafinyanga vingine."

Nilimwona baba anaweka kata chini, anataka kuinuka. Baba mkubwa akaangua kicheko. "Ebo! Umetoka Geita kuchimba dhahabu, sasa unaitwa kuchimba vyungu? Kesho utajifunga kanga."

Baba akaona aibu. Akaishika kata yake tena. "Achaneni na shimo hilo," akamwambia mama, "chimbeni pengine." Mama alimtazama kidogo, akainuka, akarudi kwenye udongo wake. Hakumwomba tena, wala pengine pa kuchimba hapakuwepo, maana udongo wa mahali pengine ulikuwa na mchanga.

Baba akarudi kazini. Mvua za kwanza zikanyesha. Asubuhi moja mama akachukua jembe lake, akaniambia nisisahau kumpeleka mdogo wangu kwa bibi, akaenda na wenzake. Wenzake ndio waliorudi mbio wakipiga yowe, na mimi nikajua kabla hawajafika. Wanaume wakaenda kufukua. Siku hiyo waliingia shimoni wote, hakuna aliyetaja mwiko. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho. Mayu wane! Mama yangu mimi! Nilimfuta udongo masikioni kwa kanga yake. Watu husema harufu ya mvua ya kwanza ni nzuri. Mimi siipendi mpaka leo.

Baba alifika kwa lori, tumeshazika. Tukiwa bado matangani, baba mkubwa akasema kwa sauti, ili watu wasikie, kwamba ukaidi ndio uliomuua yule mwanamke. Angetulia nyumbani kwa mumewe angekuwa hai. Bibi yangu, mama yao wote wawili, alikuwa amejilaza kwenye mkeka. Akainuka akaketi.

"Nyamaza," akasema. "Mkwe wangu alijua shimo ni bovu. Akaja kwa mtu anayejua mashimo, akampigia goti. Wewe ukacheka, na huyu akaona aibu. Msinitajie ukaidi katika nyumba hii."

Baba akasimama, akashika njia ya shimoni. Bibi akanikonyeza nimfuate, asije akajidhuru. Alishuka mle ndani, akagonga ukuta uliobaki kwa ngumi, akasikiliza. "Magogo manne," akasema, na hakuwa akisema nami. "Ningeyakata asubuhi, mchana nimemaliza." Kisha akakaa chini akalia kwa sauti. Sikuwahi kumsikia baba akilia, na sikujua niende kwake au nikimbie.

Nyumbani kulikuwa na vyungu alivyoviacha mama, vimekauka, havijachomwa. Bibi akasema visiachwe viharibike. Baba akasema atavichoma yeye. Akakusanya kuni na samadi kavu, akavipanga kwa mikono ile ile iliyotoka shimoni, akawasha moto. Wanawake wakasimama mbali wakinong'ona kwamba vitapasuka vyote. Baba alichuchumaa pale mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi. Niliposogea kumpa maji nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Vipasuke. Mungu wangu, vipasuke."

Nilidhani ni wazimu wa msiba. Nilikuja kumwelewa nikiwa mke wa mtu. Vingepasuka, baba angejua kwamba kilichomzuia siku ile kilikuwa mwiko wa kweli, si kicheko tu, kwamba hakuwa na namna.

Majivu yalipopoa akavitoa kimoja kimoja, akivigonga kwa kidole. Vyote vililia vizuri. Hakuna hata kimoja kilichopasuka.

Mwanangu, najua utaniambia kwamba mkeo umemruhusu, hujamkataza. Hata baba yangu alimruhusu mama, wala hakuwahi kumzuia. Kuruhusu hakutoshi. Ingia kwenye hicho chumba cha cherehani, kaa, ushike hicho kitambaa, umuulize anashona nini na kwa nini kazi hiyo imemkolea hivyo. Uone kama mwanga unamtosha, kama kiti kinamuumiza mgongo. Mambo unayoyajua wewe yakutane na anayoyajua yeye wakati wote wawili mko hai. Na siku atakapokuita, nenda. Usigeuke kutazama nani anacheka.

Mungu akupe kuzeeka na mkeo huyo. Akupe miguu myepesi ya kumwendea akikuita mara ya kwanza, na wanao wamzike akiwa bibi wa vitukuu. Haya, nimechoka, na wewe unasubiriwa nyumbani.