Neno la Siri la Baba Ikupa

Meshaki wa hapa Bulyaga alipopunguzwa kazi kwenye shirika la umma, wenzake walinunua ng'ombe wa maziwa na mashine za kusaga. Yeye alikwenda na kiinua mgongo chake Dar es Salaam, akarudi na kompyuta ya mtumba. Mimi Zakia, fundi cherehani, jirani yake ukuta kwa ukuta, nilimwona akiishusha kwenye gari kwa kelele zote za mtu anayetaka kutazamwa.

Aliitengea chumba, akaifunika kitambaa cha kufuma, akatia kufuli mlangoni. Ukimpelekea disketi akuchapie hata kadi ya harusi, anakufukuza akidai unaleta virusi. Virusi wenyewe hakuwajua. Aliamini wanaingia na vumbi, na ndiyo maana ufunguo wa pili alimpa mkewe Esnath, afute vumbi kila asubuhi. Alimkataza kugusa kitufe chochote, eti hataelewa. Esnath huyu alipiga taipureta ofisi ya ushirika miaka sita, mpaka ushirika ulipokufa. Meshaki alikuwa akiitafuta herufi moja moja kwa kidole kama anayesaka kiroboto.

"Ina neno la siri," alitutangazia barazani. "Hata nikiugua malaria ya kupanda kichwani, silisahau. Hapiti mtu."

"Sawa, Baba Ikupa," tukamjibu. Ikupa ni binti yao wa kwanza. Kwetu ukishapata mtoto, jina lako la zamani linabaki kwenye vyeti.

Mwaka ule akaanza safari za Kiwira zisizoelezeka. Mara mtu mgeni akaonekana akipima kwa hatua shamba lao la Kawetele, lile la chai na migomba ambalo Esnath alilipanda kwa mikono yake na ndilo lililokuwa likimsomesha Ikupa. Esnath alipouliza, mumewe alimwambia hayo si mambo ya wanawake, kisha akajifungia chumbani kuchapa. Niseme ukweli, nilimdharau tangu siku ile.

Alhamisi Meshaki akaenda Mbeya. Esnath akanijia na kitambaa cha vumbi mkononi, akaniomba nimsindikize. Kompyuta ilipodai neno la siri, hakufikiri hata kidogo. Aliandika Ikupa, ikafunguka.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jina analoitiwa na muuza nyama, na mchungaji, na kila mtoto wa mtaa anayempa shikamoo, ndilo alilolifanya siri! Esnath hakucheka. Alikuwa anasoma barua ya kumuuzia tajiri wa Kiwira shamba la Kawetele. Aje shambani Jumamosi saa tatu asubuhi na mashahidi wake, mke atakuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Chini kabisa iliandikwa kwamba mke ameridhia.

Jumamosi kwaya iliimba bila Esnath, na mimi nilifunga cherehani nikamfuata shambani. Meshaki na tajiri walipofika Kawetele walimkuta Esnath kikapu mgongoni, anachuma chai, mwenyekiti wa kijiji amesimama kando yake.

"Mama, si umeridhia?" tajiri akamwuliza.

"Sijaulizwa."

Tajiri akamtazama mwenyekiti, akafunga mkoba wake. Watu wa namna ile hawanunui kesi. Aliondoka na mashahidi wake bila hata kumuaga Meshaki.

"Nani amekwambia?" Meshaki akamwuliza mkewe.

Esnath hakuacha kuchuma. "Baba Ikupa, mimi huwa unaniitaje?"

Ile akili ya Meshaki ya kidole kimoja ikaanza kutafuta.

"Mama Ikupa," akasema.

"Ndaga fijo," Esnath akamshukuru, akaendelea na mstari wake wa chai.

Jioni hiyo hiyo Meshaki alibadilisha neno la siri, akatutangazia barazani kwamba sasa hata shetani hapiti. Mtoto wao wa pili anaitwa Lusungu. Esnath bado anafuta vumbi kila asubuhi.