Dume la Mguaya

Mtaani San Sebastián, hapa Mérida, nyumba isiyo na mdanzi uani huitwa kambi, na midanzi mingi ya mtaa huo imepita mkononi mwa Addy Canul. Kwa kubebesha miti hana mpinzani. Kisu chake kidogo, ukanda wa plastiki, mate kidogo kidoleni, basi, kikonyo cha mti huu kimeshika kwenye mti ule. Topetope ya zambarau ilipobaki mti mmoja tu mtaa mzima, yeye ndiye aliyeitafutia nyua kumi na moja. Mtu akitaka kusakafia ua wake kwa saruji, Addy hufika kabla ya mchanga, akasimama mlangoni na kuuliza kwa upole watoto watakula nini, sakafu? Wengine humwona msumbufu. Waache waseme, lakini matunda yake wanayala.

Hata hivyo, kuna mti mmoja aliouangusha kwa mkono wake mwenyewe.

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini. Uani kwao kulikuwa na mguaya mkubwa alioachiwa na baba yake. Kila Aprili ulichanua ukanukia mtaa mzima, na haukuwahi kuzaa hata guaya moja, tunda dogo la kijani la mtoto kumumunya na pilipili. Hapa mti unaogoma kuzaa una adhabu yake: Jumamosi Kuu, kengele zikilia, unachapwa mkanda mpaka uone haya. Addy aliuchapa miaka mitatu, akiutukana kama inavyotakiwa. Mwaka wa nne akachukua shoka.

Mwaka uliofuata miguaya ya majirani ilichanua, ikapukutisha maua, ikabaki majani matupu. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Jirani yake wa ukuta mmoja, Gaspar Pech, alikuwa na miguaya miwili aliyoipenda kama wanawe. Naye akatoa mkanda. Baada ya miaka mitatu ya kuchapa aliukata ule mkubwa, na kabla hajaufikia wa pili, moyo wake ukasimama. Akabaki mkewe, Nelsy, na mti mmoja.

Addy aliujua ukweli siku aliyopeleka maua kaburini kwa baba yake. Juu yake kulikuwa na mguaya umejaa nyuki, na mlinzi wa makaburi akamwambia kwamba huo hauzai ng'o.

"Mbona hamuukati?"

"Tukate dume, mama? Majike ya kule nje yatazaa na nani?"

Addy aliketi pale pale ukingoni mwa kaburi. Mpapai dume anaujua tangu utotoni, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hata mguaya una dume.

Tangu siku hiyo, kila Aprili, kwa miaka ishirini na sita, alipanda basi kwenda makaburini, akarudi na matawi ya maua ya dume ndani ya ndoo za maji. Akazitundika ndoo kwenye miguaya minne iliyobaki mtaani, nyuki wakamaliza kazi. Guaya zikarudi. Majirani walipouliza, alisema ni dawa. Wakamwita mchawi, wakacheka, wakala. Hakukosa hata mwaka mmoja, hata ule aliomzika dada yake.

Sasa ana miaka sabini na miwili na goti limekataa basi. Imebaki njia moja: kuagiza vikonyo vya dume kutoka makaburini na kubebesha kimoja kwenye kila mguaya, tawi moja lisilozaa liyachavushe mengine yote. Asipofanya hivyo, miti hiyo itakuwa tasa na shoka zitatoka tena. Akaanza kwa Nelsy, Jumatatu moja, maharage na nyama ya nguruwe yakichemka jikoni.

"Dume?" Nelsy akaacha kukoroga. "Shoga, nimeolewa nyumba hii miti inazaa. Hilo dume lilikuwa wapi wakati huo?"

Angeweza kudanganya tena. Uongo alikuwa nao mdomoni, umeiva.

"Uani kwangu. Nililikata mimi."

Nelsy akaweka mwiko chini. "Gaspar aliuchapa ule mti analia, Addy. Analia! Na wewe umesimama hapo ukutani unamwambia, 'Ongeza, Don Gaspar, ongeza.'"

"Ndiyo. Nilikuwa sijui."

"Na ulipojua? Miaka ishirini na sita unaniambia dawa!"

"Niliona aibu."

"Toka jikoni kwangu."

Kwa miaka yote wale wawili walibadilishana sahani za maharage kila Jumatatu. Jumatatu tatu zikapita bila sahani, na Addy hakupiga hodi wala kumtuma mtu amsemee. Ya nne, Nelsy akaja mikono mitupu, uso umekunjamana.

"Sijakusamehe. Nipe hicho kisu, nionyeshe."

"We macho yenyewe huoni, utajikata kidole."

"Na wewe goti huna. Nani atapanda ngazi, marehemu?"

Akamfundisha. Nelsy aliharibu vikonyo vitano huku akifokewa, cha sita kikashika kwenye mti wa Gaspar, na wote wawili wakalia, kila mmoja akijifanya ni jasho. Kisha wakaenda nyumba ya pili, kwa Wilberth, kijana aliyehamia juzi na ambaye tayari alikuwa akipiga mahesabu ya kuukata mguaya wake, apate pa kuegesha gari. Nelsy akiwa juu ya ngazi, Addy ameishika chini, wakamweleza habari ya dume.

Wilberth akakuna kichwa. "Sasa lile la zamani alilikata nani?"

Nelsy hakugeuka. "Aa, mpumbavu mmoja tu wa zamani. Keshakufa."

"Hajafa," akasema Addy. "Ni mimi."